Mwenzangu amerudia sigara, nimwache?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, nina miaka 34. Mimi na fundi mwenzangu tunayetumia naye banda moja tulikubaliana kwamba Ramadhani ikiisha hatushiki tena sigara, kwani mchana kutwa tulikuwa tunaweza. Wiki tatu zimepita. Juzi nimemkuta nyuma ya mbao anavuta. Aliponiona akaikanyaga, akajifanya anapima ubao. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Naona amenisaliti, na kijiweni wanacheka kwamba hata mimi sifiki mwisho wa mwezi. Nyumbani nimekuwa mkali, mke wangu analalamika. Mwenzangu anakohoa tangu kabla ya mfungo. Nimwache ashike njia yake, nisije nikarudi na mimi?*
*Seremala, Keko*

Marahaba, mwanangu. Usimwache.

Angekuwa ameamua kurudi kwenye sigara, angevuta palepale mbele ya meza ya kazi, na kijiwe kingemshangilia. Alijificha kwa sababu ahadi yenu bado anaijali, na aibu ndiyo iliyomfunga mdomo. Sasa na wewe ukimnunia, watakaompokea ni walewale wanaomnyooshea pakiti.

Watu wengi walioachana na sigara kabisa waliwahi kuteleza njiani, tena zaidi ya mara moja. Sigara ile ya nyuma ya mbao imekwisha kuvutwa. Ninachokihofia ni siku zinazofuata, pale anapojiambia kwamba ameshaharibu, basi tena. Hapo ndipo anapokuhitaji kuliko hata siku mliyopeana mikono.

Mfuate kesho asubuhi kabla kazi haijachanganya. Usimuulize kwa nini amekufanyia hivi, maana hakukufanyia wewe. Muulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa ametoka kuongea na nani, alikuwa amekula au ana njaa. Huenda ni baada ya chakula cha mchana. Huenda mteja amebeba kabati na kusema atalipa Jumatatu. Mkishaijua saa hiyo, ilindeni. Hamu ya sigara ikipanda, mara nyingi hushuka baada ya dakika chache hata usipovuta, kwa hiyo anachohitaji ni mtu wa kuzivuka naye dakika hizo: njoo unishikie huu ubao, twende tukanywe maji, hebu nipigie msasa hapa. Hotuba haimsaidii. Halafu umwambie na yako huwa saa ngapi, na kwamba wewe pia bado unaitamani. Nimeona wengi wakiharibu hapa: mmoja anakuwa askari, mwingine mtuhumiwa, na mtuhumiwa anajifunza tu kujificha vizuri zaidi.

Kuna jambo wavutaji wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vya kahawa chungu mlivyozoea vinaweza kuwatia wahka, mikono ikatetemeka na usingizi ukakatika, mkadhani ni sigara inayodai. Punguzeni kahawa, hasa ya jioni.

Ukali wako nyumbani nao ni mwili unaozoea kukaa bila nikotini. Huwa mkubwa siku za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki chache. Mweleze mkeo hivyo, lakini umwombe radhi kwanza, kwa sababu kujua chanzo cha hasira yako hakumpunguzii yeye uchungu.

Kijiwe msikihubirie. Chagueni mmoja mnayemheshimu, mumwombe asiwape sigara hata mkiomba, wala asiwatume dukani kumnunulia. Wenye kucheka watachoka. Hela ya sigara iwekeni kwenye kibubu kimoja, mkivunje pamoja.

Na kama hamu inawashinda, msione ni upungufu wa imani au wa uanaume. Nikotini hushika ubongo, na tiba ipo. Kuna bigijii na plasta zenye nikotini zinazomsaidia mtu kuacha taratibu. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Si kila duka la dawa linazo, kwa hiyo anzeni kwa daktari au mfamasia. Siku mwenzako akikata tamaa, mwambie hili: mtu akimaliza mwaka bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Kikohozi chake ndicho kilichonifanya niijibu barua yako mapema. Ni kweli kwamba mtu anayeacha sigara anaweza kukohoa zaidi kwa muda, mapafu yanapojisafisha. Lakini chake kilianza kabla ya mfungo, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kupimwa kifua kikuu, ugonjwa ambao wavutaji wako kwenye hatari kubwa zaidi kuupata. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Fungeni banda asubuhi moja, umsindikize, na mumwambie daktari kwamba kazi yenu ni ya vumbi la mbao kutwa nzima.