Kabla hujapokea hela ya spea, uliza swali hili moja

Leo nawapa somo lililonigharimu.

Nauza spea za magari ya zamani mtandaoni. Mwaka jana mteja wa Morogoro akaniandikia: "Bosi, una manifodi ya Beetle?" Nikatuma picha, akasema poa, akalipa, nikapakia kwenye basi siku hiyo hiyo. Kesho yake simu: "Kaka, hiki kitu hakiingii. Umenitapeli." Na akasema anaenda kunianika kwenye magrupu. Sisi tunaouza mtandaoni, jina ndiyo duka lenyewe. Nilikosa usingizi.

Kosa lilikuwa langu. Sikujua kwamba injini za Beetle zinapishana. Ina silinda 4 na hedi 2, moja kila upande. Za zamani kila hedi ina tundu moja la kuingiza hewa na mafuta, na manifodi yake ni bomba moja zima. Kuanzia modeli za 1971, injini za 1300 na 1600 zikaja na matundu mawili kila hedi. Hiyo manifodi ina vipande vitatu: bomba la katikati na miguu miwili ya aluminiamu, vimeunganishwa kwa mipira na klempu. Mimi nilituma ya tundu moja, yeye ana matundu mawili.

Nikatafuta ya kwake, nikapanda basi nikaipeleka mwenyewe. Nauli ilikula faida yote, lakini nilishinda na fundi wake nikaona inavyofungwa:

1. Toa waya wa betri, toa boksi la hewa, chomoa mpira wa mafuta na uuzibe. Injini iwe imepoa, na hakuna sigara.

2. Toa kabureta. Mara nyingi inabidi ulegeze jenereta na kuinua boksi la feni kidogo ndiyo bomba litoke.

3. Ukishatoa ya zamani, ziba matundu ya hedi kwa kitambaa kisafi. Nati ikidondokea humo, umeua injini.

4. Kwangua gasketi ya zamani yote, weka mpya. Usirudishie iliyotumika.

5. Vaa mipira na klempu kwanza, zikiwa zimelegea. Shika nati za kwenye hedi kwa mkono, kaa bomba la katikati, funga na kibomba cha chini kinacholeta joto la eksozi. Kila kitu kikikaa bila kulazimishwa, kaza nati kidogo kidogo kwa zamu. Klempu kaza mwisho.

6. Washa, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa.

Fundi akaniambia kwa nini hapo hapataki mchezo. Hewa ikiingia pembeni, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, sailensa inapanda na kushuka, na injini inachemka. Injini hii haina rejeta wala maji, inapozwa na upepo wa feni. Ikichemka hivyo kwa muda, valvu zinaungua. Yaani gasketi ya bei ndogo inaua injini nzima.

Gari likawaka, likatulia. Yule mteja hakunianika. Mpaka leo ameshaniletea wateja watatu.

Sasa somo lako wewe muuzaji:

• Usiulize tu "gari gani?" Uliza "nitumie picha ya iliyopo, pande zote." Mwaka wa kadi ya gari usiutegemee, magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi.

• Kwenye tangazo andika inaingia wapi NA haiingii wapi.

• Uza seti. Mimi sasa manifodi inatoka na gasketi, mipira na klempu. Mteja hahangaiki, na wewe unaongeza mauzo.

• Kaa na fundi siku moja uone bidhaa yako ikifungwa. Utajibu maswali kama mtu anayejua, siyo kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye boksi.

• Ukikosea, kubali haraka na ubebe gharama. Hela inarudi, jina halirudi kirahisi.

Iwe unauza viatu, simu au nywele, ni yale yale. Swali gani moja ungemuuliza mteja wako kabla hajalipa? Liandike leo, liweke juu kabisa kwenye tangazo lako.