ELIMU KWA UMMA: Maji Huchemkaje Angani?

Sufuria ya maji ikiwekwa jikoni, viputo vidogo huanza kujitokeza chini, kisha hupanda juu, na mwishowe maji yote hutokota. Kila mkaazi ameliona jambo hili. Hata hivyo, lisingetokea hivyo bila mvutano wa dunia.

Jikoni

Maji ya chini yakipata moto huwa mepesi na kupanda, huku ya baridi yakishuka kuchukua nafasi yake. Viputo vya mvuke navyo ni vyepesi kuliko maji, ndiyo maana hukimbilia juu. Kwa njia hiyo joto huondolewa kwenye chuma. Mvuke hubeba joto jingi mno: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji zaidi ya mara 6 ya joto la kuyapasha kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100.

Angani

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 400. Mvutano wa dunia bado uko huko, karibu asilimia 90 ya ule wa ardhini. Lakini kituo na vyote vilivyomo huwa vinaanguka pamoja kuizunguka dunia, hivyo huelea kana kwamba havina uzito. Kioevu chenye joto hakipandi, wala kiputo hakina juu pa kukimbilia.

Katika miaka ya 1990, wanasayansi wa NASA na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichemsha kioevu cha kupozea mitambo katika safari 5 za vyombo vya angani. Viputo vidogo viliungana vikawa kiputo kimoja kikubwa, kikabaki ndani ya kioevu.

Hatari iko wapi?

Kiputo kama hicho kikifunika chuma chenye moto, kioevu hakikifikii tena. Mvuke haupitishi joto vizuri, kwa hivyo chuma huzidi kupata moto na huweza kuungua. Huko nje ya chombo hakuna upepo wa kukipoza. Suluhisho mojawapo ni kusukuma kioevu kwa pampu ili kifagie viputo. Mwaka wa 2021, mtambo wa kuchunguza njia hiyo ulipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa.

Pwani yetu ina historia yake katika safari za anga. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Kilifi. Kila setilaiti, kubwa kwa ndogo, lazima ipate njia ya kutoa joto lake.

Funzo la nyumbani

Koili ya stima ya kuchemshia maji hufuata kanuni hiyo hiyo: maji ndiyo huipoza. Wakaazi wanakumbushwa yafuatayo:

- Hakikisha maji yameifunika koili kabla ya kuwasha stima.
- Usiiache ikichemsha hadi maji yapungue na kuiacha wazi; itaungua na huenda ikasababisha moto.
- Zima stima na uchomoe plagi kabla ya kugusa maji au kuitoa koili.
- Waweke watoto mbali.