Dondoo muhimu: Kulala hoteli ndogo ya Mji Mkongwe

Hoteli nyingi ndogo za Mji Mkongwe, Unguja, ni nyumba za kale zenye rangi tele na vitanda vya samadari. Zinapendeza, ila zina tabia zake.

1. Uliza teksi itaishia wapi: vichochoro vingi havipitishi gari, hivyo omba mtu wa hoteli aje kukupokea.
2. Magoti yakikusumbua, chukua chumba cha chini. Ngazi zina mwinuko mkali, lifti ni nadra, na picha za mtandaoni hazisemi hivyo.
3. Usichague dirisha la njiani kisha ukalalamikia pikipiki na adhana ya alfajiri. Chumba cha uani hutulia zaidi.
4. Hakikisha bei uliyopewa ina kodi zote, na uulize kama kuna jenereta umeme ukikatika.
5. Kariri alama: msikiti, baraza, duka la kona. Ramani ya simu hupotea vichochoroni kama mgeni mwenyewe.
6. Funika mabega na magoti unapotoka.
7. Kwenye soko la chakula la Forodhani jioni, uliza bei kabla sahani haijajazwa, na chagua kinachochomwa mbele yako.
8. Ramadhani, usile njiani mchana.