Nyumba ya Majini: Mpangaji Aambiwe?

Swali: Nina nyumba ya kupangisha hapa Kasongo. Majirani wanasema usiku ina majini. Je, nimwambie mpangaji kabla hajatoa garanti?

Jibu: Mwambie, ndugu yangu. Sheria ya upangaji ya Kongo (DRC) ya 31 Desemba 2015 haitaji majini. Inashughulika na mkataba, kodi na garanti, ambayo kwa nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi mitatu. Lakini ukinyamaza, mpangaji atayasikia kisimani kesho yake, naye atadai garanti irudi. Kwanza panda darini mwenyewe: popo na bati lililolegea wamefukuza wapangaji wengi kuliko jini yeyote. Ukimweleza, sema yanayosikika tu. Usimtaje jirani kuwa mchawi aliyeyatuma majini hayo. Huku kwetu, Kasongo hata Kabambare, neno hilo linaweza kuua mtu.