Tokeni nanunua mimi, koili ni yake

SWALI: Shangazi, nasoma chuoni Bomet. Nimepanga chumba Silibwet na mwenzangu. Kodi tunagawana, ila yeye huchemsha maji kwa koili kila mara na tokeni za umeme nanunua mimi. Nikigusia, ananuna.

JIBU: Mwanangu, kwa baridi ya huko, maji moto si anasa. Lakini koili hula umeme mwingi kuliko taa na simu zenu zote. Isomeni mita pamoja, achemshe ndoo moja, kisha muisome tena. Yuniti hazinuni. Halafu yeye alipie tokeni, wewe ujaze gesi ya kupikia. Usimzimie swichi maji yakiwa vuguvugu (najua umewaza). Akikataa, tafuta mwingine muhula ukiisha, ila kwanza angalia risiti ya kodi ina jina la nani.