Makosa ya Mwenye Kununua Nyumba ya Kwanza



Kila msimu mzuri ukimalizika na majamvi yakakunjwa, huja ofisini kwetu vijana wawili watatu, na mara nyengine watu wazima khasa, wakatuuliza jambo moja: "Bwana Katibu, nimejaaliwa fedha kidogo za karafuu, nataka kununua nyumba. Nianzie wapi?" Tumeona vyema kuwajibu katika ukurasa huu, ili jawabu iwafikie na wale wasiokuja kuuliza, kwani hao ndio wapatao khasara zaidi.

Kosa lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni mtu kuitazama nyumba asimtazame anayeiuza. Hupelekwa na dalali, akaona kuta zimepakwa chokaa, bati bado lang'aa, baraza pana. Akauliza bei, akaridhika, akatoa arubuni siku ile ile. Hakuuliza nyumba ilikuwa ya nani kabla ya huyu. Na ikiwa jawabu ni kwamba ilikuwa ya marehemu baba yake, basi hapo asimame asiende mbele hata hatua moja mpaka ajue warithi ni wangapi, wako wapi, na kama mirathi imekwisha gawiwa.

Natutazame hesabu, maana hesabu haina haya. Marehemu ameacha mke, watoto wanaume wawili na binti mmoja. Wazazi wake walitangulia, na deni hana. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane. Yanayobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ukiigawa nyumba mafungu 40, mama ana 5, kila mwana mwanamume ana 14, na binti ana 7. Tuseme bei yake ni shilingi milioni 20. Fungu la mama ni milioni 2 na nusu, la kila mwana mwanamume milioni 7, na la binti milioni 3 na nusu. Sasa kaka mkubwa amekuuzia nyumba nzima peke yake, na fedha amezipokea peke yake. Alichokuwa nacho cha kuuza ni cha milioni 7. Zile milioni 13 nyengine umempa kwa mali isiyokuwa yake, na wenyewe wako hai.

Hatusemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Miaka kadhaa iliyopita mwanachama mmoja alituomba tuwe shahidi wa ununuzi wake, nasi tukaenda, tukanywa kahawa, tukatia saini. Hatukuuliza khabari za warithi, kwa kuwa muuzaji ni mtu mzima anayeheshimika na tuliona ni utovu wa adabu kumhoji barazani kwake. Mwaka haujatimia, akaja dada yake aliyeolewa Unguja, hakuna aliyemwambia kuwa nyumba ya baba yao imeuzwa. Hakuja kwa ugomvi. Alitaka haki yake tu. Kaka mtu fedha alikwisha zitumia. Mwisho wa maneno, kwa suluhu, mwanachama wetu alimlipa yule bibi fungu lake kwa fedha za msimu uliofuata, yaani chumba kimoja alikinunua mara mbili. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililotufanya tuone haya kupita mbele ya mlango wake.

Basi siku hizi tukiitwa kuwa mashahidi twauliza kwanza, na atakayeudhika na audhike. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi. Waislamu tumeisoma chuoni tangu utotoni, kisha twaona aibu kumwomba jirani karatasi. Warithi wote watie saini. Aliye mbali atume wakala kwa maandishi. Na palipo na mtoto mdogo asiyebaleghe, shauri hilo lipelekwe kwa Kadhi, lisikatwe na mjomba barazani. Uliza pia kama nyumba ni ya wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na nyumba za namna hiyo si chache katika miji yetu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa.

Jambo la pili ni ardhi iliyo chini ya nyumba. Wengine bado wanasema "nimenunua kiwanja" kama walivyosema babu zetu. Tangu mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1992 imeiweka haki hiyo katika maandishi. Sheria ya mwaka 1994 nayo iliunda Bodi ya Uhaulishaji, ili uhamishaji wa haki hiyo upite mbele yake. Hati iliyoandikwa baina ya watu wawili ikaishia sandukuni ni nusu ya kazi. Na barua ya Sheha ni jambo la maana sana, kwani Sheha anawajua watu wake, lakini barua hiyo si hati ya haki ya ardhi, na Masheha wenyewe wakweli watakwambia hivyo.

Hapa tuwatahadharishe khasa juu ya zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi. Aliyepewa eka alipewa aitumie; hakupewa aikatekate viwanja akauza. Ukiona kiwanja cha bei rahisi kando ya barabara, ndani ya shamba la karafuu, uliza kama ni eka. Urahisi ule una sababu yake.

Kisha iko miti, na katika hili sisi wakulima hatuna udhuru wa kutojua. Kwetu mwenye ardhi ni mmoja na mwenye mti aweza kuwa mwengine. Mtu hununua nyumba yenye mikarafuu sita na mnazi uani, akahesabu mavuno kichwani, ukifika msimu akaona watu wameingia na ngazi na pishi zao. Kumbe mikarafuu ni ya shangazi wa muuzaji, au ni ya Serikali na imekodishwa kwa mchumaji. Hati yako itaje miti, mmoja mmoja, au iseme wazi kuwa haimo. Itaje na njia ya kupita, na kisima ni cha nani.

Kuhusu fedha tutasema machache, ijapokuwa ndipo wengi wanapoumia. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja kisha ukapumzika, na mapumziko yake hayangojei deni lako. Asiyekuwa na fedha kamili asiahidi kumaliza kwa mavuno yajayo. Na mwenye kuweka mikarafuu yake rehani ili anunue nyumba mjini, huyo twamwomba aje tuzungumze kabla hajatia saini. Wazee wetu waliuziana kwa bei ya khiyari, mtu akikaa katika shamba lililokuwa lake akalipa kodi, na madeni yale yalizidi hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatoa amri ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisiwatoke bila ya ruhusa. Wajukuu wa wale wadaiwa tunao humu chamani.

Nyumba yenyewe itazame wakati wa masika, si kaskazi. Nenda mvua inaponyesha, uone maji yanapita wapi na dari inavuja wapi. Gonga boriti kwa kisu utafute mchwa, na uonje maji ya kisima.

Mwenye karatasi asizozielewa na azilete ofisini siku yoyote ya kazi, baada ya sala ya adhuhuri. Tutazisoma pamoja naye, bila ya malipo, na tutamwambia aende kwa nani. Tunaomba tu azilete kabla ya kutoa arubuni, kwani akizileta baadaye kazi yetu huwa ni ya kutoa pole.

Katibu