Mpe Kazi Aifanye Mbele Yako

Nimesaili wahitimu wengi wanaoomba kazi ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam, na jambo ninalolipigania kila mwaka ni kwamba mwombaji apewe kazi aifanye tukimwona. "Hebu tueleze kuhusu wewe" ni swali linalombeba aliyezoea kujieleza. Aliyekulia mahali ambapo hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje atababaika, na huenda ndiye mwenye jicho kali kuliko wote.

Mkaguzi mpya hashauri wakurugenzi. Kuanzia Januari, wateja wengi wakishafunga hesabu za Desemba 31, yeye hushinda kwao akipekua ankara, akihesabu mali stoo na kufuatilia nyaraka ambazo mhasibu hana haraka ya kuzitoa. Zoezi la usaili litoke humo humo.

La kwetu ni karatasi moja: daftari la fedha la duka la vifaa vya ujenzi, na taarifa ya benki pembeni. Masalio hayalingani. Kuna makato ya benki yasiyoandikwa, kuna hundi ya Desemba iliyolipwa Januari, na kuna shilingi 540,000 zilizopelekwa benki ambazo daftarini zimeingia kama 450,000. Tofauti ni 90,000, inagawanyika kwa 9, na wahasibu wanajua hiyo ni dalili ya tarakimu kupishana. Kuigundua ni vizuri, lakini mimi nasubiri kitakachofuata. Mmoja ataandika "kosa la uandishi" na kuweka kalamu chini. Mwingine atasema, "Naomba kwanza nione stakabadhi ya benki." Huyo ndiye ninayemtaka, kwa sababu shaka ya namna hiyo ni ngumu kufundisha.

Kisha mwenzangu anajifanya mhasibu wa mteja, mama mtu mzima aliyechoka: "Jamani, si mlizichukua mwaka jana hizo karatasi?" Wapo wanaokimbilia kutaja sheria. Wapo wanaonyamaza. Binti mmoja alijibu, "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu. Leo naomba za Desemba tu, nikusaidie kuzitafuta?" Heshima ipo, na karatasi atazipata.

Maswali yawe yale yale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mkubwa akitangulia kusema, wengine humfuata. Mambo ya uchumba na mimba msiyaguse. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya ndoa au ujauzito, na inamlinda hata mwombaji. Kimemo kutoka kwa mkubwa kikija, aliyekileta akae foleni na kufanya zoezi kama wenzake. Hapo sina mjadala.

Mwambieni mwombaji ukweli pia: msimu wa ukaguzi una siku za kurudi nyumbani usiku, na mitihani ya bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, ya Mei na Novemba inahitaji muda wa kusoma. Semeni wazi kampuni inatoa likizo kiasi gani na inalipia nini, kabla hajasaini.

Waliokosa waandikiwe. Kijana aliyeazima nauli kutoka Morogoro anastahili kujua matokeo yake, na akiuliza alipungukiwa wapi, aelezwe kwa kutumia alama zilizoandikwa siku ile.